Ficha Lebo Kwanza: Kuonja Vileo na Marafiki Kitengela

Ukitaka kujua kama unaipenda bia yako au unalipenda jina lake, ficha chupa. Mmoja wenu amimine mkiwa mmegeuka, kisha kila mtu aseme anachokipata puani na kinywani kabla hajaambiwa kilichomo. Mwongozo huu ni wa kundi la marafiki wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini au Ngong wanaotaka kutenga jioni moja kwa mwezi waonje mvinyo, bia na pombe kali, na wazizungumzie kwa makini badala ya kuzipitisha tu kooni. Hoja yake ni moja: ubora wa kileo haujulikani kwa bei wala kwa maneno yaliyochapishwa nyuma ya chupa. Hujulikana kwa ulinganisho wa haki, na kwa mazungumzo ambayo kila aliyeketi mezani anayaelewa. Ushauri wote utakaofuata, hata ule wa maji ya kusuuzia kinywa, unatoka kwenye hoja hiyo.

Kwamba macho na mfuko humwonjea mtu kabla ya ulimi, ushahidi upo wa kutosha. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa. Waliutia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yale yale wanayoyatumia kwa mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanafunzi wa fani yenyewe, si wapita njia. Mwaka 2008 huko California, kundi la watafiti lililoongozwa na Hilke Plassmann liliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, mara moja ukitajwa kuwa wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Waliupenda zaidi ulipotajwa kuwa ghali, na picha za ubongo zilionyesha kwamba hawakuwa wanajifanya: sehemu inayohusika na raha ilichangamka kweli. Na tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, waonjaji wa Kifaransa walioonja bila kuona lebo waliiweka mivinyo ya California mbele ya ile mashuhuri ya kwao. Kwa hivyo mtu anayeisimamisha chupa ghali ya whisky katikati ya meza kwenye baa ya Barabara ya Namanga, lebo ikiwaelekea watu, hajamdanganya yeyote. Amewaonjesha bei kwanza. Raha watakayoipata ni ya kweli, ila haitawaambia chochote kuhusu kilichomo.

Desturi ya raundi haifai kwa kazi hii. Katika raundi kila mmoja hununulia wote, meza nzima hunywa kwa mwendo wa yule anayemaliza upesi zaidi, na kila mtu hushikilia kinywaji chake cha siku zote. Huo ni ukarimu mzuri, lakini haumfundishi mtu kitu kuhusu ladha. Kwenye kuonja, kila mmoja achange sawa na mwenzake, zinunuliwe chupa tatu au nne, zigawanywe kwa watu sita. Watakuwapo watakaosema hii ni anasa ya watu wa Karen na Runda. Wapige hesabu: chupa nne za bia za mililita 500 zikigawanywa kwa watu sita, kila mtu amepata chini ya chupa moja, tena amelinganisha bia nne tofauti. Hakuna jioni ya baa iliyo nafuu kuliko hiyo. Cha ghali katika shughuli hii ni umakini, nao hauuzwi kwenye duka la vileo.

Mahali panahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu kuliko vinywaji. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa kwenda puani. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache tu, yaani utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha ya mchuzi mzito wa nyama. Sasa Kitengela ni mji wa nyama choma, na moshi wa choma ukishaingia kwenye nguo na nywele hautoki jioni hiyo. Onjeni kabla jiko halijawashwa, au ketini upande ambao upepo wa nyanda za Athi unatokea, jiko liwe upande unakokwenda. Msikae na njaa pia, kwa maana kileo kwenye tumbo tupu huupotosha ulinganisho mapema. Kuleni ugali na mboga zisizo na kiungo kikali saa moja kabla, kisha vipande vya ugali mkavu vibaki mezani vya kusafishia ulimi. Manukato na losheni zenye harufu mziache nyumbani siku hiyo.

Maji nayo ni suala la hapa hapa. Visima vingi vya Kajiado hutoa maji yenye chumvi na floraidi nyingi, na wakazi wa Kitengela wanajua chai inavyobadilika ikipikwa kwa maji hayo. Ukisuuza kinywa kwa maji ya chumvi kisha ukaonja mvinyo mweupe, uchachu na utamu wake vinaweza kuonekana tofauti, na utadhani ndio tabia ya mvinyo. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa au ya kununua, na muhimu zaidi, watu wote watumie maji ya aina moja. Kuhusu glasi, eneo hili lina bahati: mafundi wa Kitengela Glass, kazi iliyoanzishwa na Nani Croze pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wamekuwa wakiyeyusha vioo vilivyotumika na kutengeneza glasi za mkono kwa miongo kadhaa. Ni nzuri mno kwa maji mezani. Kwa kuonja, hata hivyo, unahitaji glasi isiyo na rangi, nyembamba kidogo mdomoni kuliko tumboni ili harufu ikusanyike, na zote ziwe za umbo moja. Glasi sita za duka la jumla zinazofanana zinafaa kuliko sita nzuri zinazotofautiana.

Jioni ya kwanza anzeni na swali ambalo kila mhudumu wa baa nchini huuliza: baridi au moto? Chukueni bia moja tu, Tusker kwa mfano, chupa moja iliyolala kwenye friji na nyingine iliyokaa kabatini, mzionje kando kwa kando. Vijana wengi huwacheka wazee wanaoagiza ya moto, na hawana haki ya kucheka. Baridi kali hufanya ulimi uzubae. Harufu za bia hubaki ndani ya maji badala ya kupanda. Kadiri bia inavyopata joto ndivyo utamu wa nafaka na uchungu wa maua ya hopsi unavyosikika, na ndivyo kasoro zake zinavyojulikana. Gesi nayo hutoka haraka zaidi, ndiyo sababu bia ya moto huonekana nzito na laini. Hilo halimaanishi baridi ni kosa. Mchana wa Februari pale Kajiado mjini, mtu anayetaka kuburudika na aagize baridi. Ila ukitaka kuijua bia, itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kuimimina. Jaribio hili dogo linafaa kutangulia mengine kwa sababu litawaonyesha wote kwamba kitu kile kile kinaweza kuwa vitu viwili kwa kubadilisha jambo moja tu, na hapo kila mtu atakubali masharti mengine bila kubishana.

Sasa tuje kwenye maneno, ambapo makundi mengi huvunjikia. Watu husoma nyuma ya chupa kwamba mvinyo una harufu ya matunda ya porini ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyashika, wanaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Neno la ladha lina maana pale tu msemaji na msikilizaji wote wawili wamewahi kukionja kitu kinachotajwa. Na watu wa Kajiado wameonja mengi. Ule mkauko ambao mvinyo mwekundu huuacha kwenye fizi ni ukakasi, sawasawa na wa ndizi mbichi au zambarao zisizoiva vizuri. Uchachu una ngazi zake: wa maziwa lala, wa ukwaju, wa ndimu, wa siki. Guinness ina shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi, na uchungu wake ni wa ukoko wa sufuria na kahawa iliyozidi moto. Ramu nyingi zina ladha ya sukari guru. Mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc una harufu ya jani la nyanya lililosuguliwa na pera bichi. Whisky za kisiwa cha Islay huko Uskoti, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji, huwashtua wageni wengi. Lakini mtu aliyekulia maziwa ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien ana msingi wa kuzielewa kuliko wanywaji wengi wa mijini. Anajua moshi wa mti huu si wa mti ule, anajua moshi uliozidi na ule uliopungua, na amelijua hilo tangu utotoni.

Kabla ya jioni ya kuonja jin, tembeeni kidogo nje ya mji. Chumeni majani ya leleshwa, yale Wamaasai wanayoyatumia kujinukishia, myafikiche vidoleni. Chongeni kidogo nguzo ya mtarakwa kwenye ua wowote wa zamani na mnuse mbao yake. Kisha onjeni Procera, jin inayotengenezwa Nairobi kwa matunda ya mtarakwa wa Afrika, kando ya jin yoyote ya Uingereza iliyotumia jamaa yake wa Ulaya. Tofauti itakuwa wazi, na mtakuwa na maneno ya kuieleza bila kufungua kamusi. Kwa jioni ya mvinyo, chukueni mvinyo uitwao Leleshwa wa upande wa Naivasha, mvinyo wa Dodoma ukipatikana kupitia Namanga, na mmoja wa Afrika Kusini wa bei inayolingana. Dodoma ina jambo la kujadiliwa: karibu na ikweta mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka. Jiulizeni kama mnaiona tofauti hiyo kwenye glasi, na msijilazimishe kuiona.

Utaratibu wa kuzungumza uwe mkali. Kila mtu awe na karatasi. Nuseni, onjeni, andikeni, mkiwa kimya, na asiwepo wa kukunja uso wala kuguna, maana mguno mmoja unatosha kuwaambukiza watano. Baada ya hapo wasome walichoandika, na aanze aliye mdogo kwa umri. Sharti hili lina sababu yake. Katika jamii inayoheshimu rika, mzee akitangulia kusema kwamba mvinyo ni mchungu, nani atasimama kusema ameonja asali? Heshima hiyo ni njema na haina haja ya kuvunjwa. Kinachotakiwa ni mpangilio ambao kijana hamkanushi mzee, kwa kuwa alishasema kabla yake. Mzee naye atafurahia kusikia mambo mapya badala ya mwangwi wa maneno yake. Na kila mmoja atenganishe sentensi mbili kwenye karatasi: ninapata nini, na je, ninakipenda? La kwanza linaweza kujadiliwa na kukaguliwa. La pili ni la mtu mwenyewe.

Hapo ndipo jibu lilipo kwa wanaosema kila mtu na ladha yake, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Wana haki nusu. Watu wamezaliwa tofauti. Kuna jeni iitwayo TAS2R38 inayofanya baadhi yetu wausikie uchungu fulani kwa nguvu huku wengine wasiusikie kabisa, na mtu anayeusikia kwa nguvu akiikataa bia chungu hana ushamba wowote. Lakini kupenda ni jambo moja na kutambua ni jingine, na kutambua kunapimika. Tumieni jaribio la glasi tatu, ambalo viwanda vya bia vimelitumia tangu miaka ya 1940. Mtu anayemimina atie bia moja kwenye glasi mbili na nyingine kwenye ya tatu, Tusker na White Cap tuseme, na kazi yenu ni kusema ipi imetengwa. Mwenye kubahatisha tu ana nafasi moja kati ya tatu, hivyo katika watu sita tazamieni wawili wapatie bila kujua lolote. Wakipatia watatu au wanne, bado inaweza kuwa bahati. Wakipatia watano, uwezekano wa kuwa ni bahati tupu uko chini ya asilimia mbili, na hapo tofauti ipo na mnaisikia. Meza nyingi ambazo zimegombana miaka kadhaa kuhusu bia ipi ni bora zingenyenyekea baada ya dakika kumi za jaribio hili.

Jizoezeni pia kutambua kasoro, kwa kuwa hilo ndilo litakalowaokolea pesa. Bia iliyoanikwa juani kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi huharibika kwa mwanga: viini vya hopsi huvunjika na kutoa harufu ya salfa ambayo anayemjua kicheche ataitambua mara moja. Chupa ya kahawia huikinga zaidi, ila si daima kwenye kreti iliyokaa nje mchana kutwa. Mvinyo wa kizibo cha gome ukinuka gunia lililolowa, umeambukizwa na kizibo chake. Haudhuru mtu, lakini urudisheni. Ukiwa na ladha ya zabibu kavu zilizopikwa huku ukiwa bado mchanga, yamkini uliungua ndani ya lori au kwenye rafu ya dirishani. Na mvinyo wa glasi kwenye baa ambao chupa yake ilifunguliwa siku nne zilizopita utakuwa umeanza kuelekea kwenye siki. Ulizeni ilifunguliwa lini.

Pombe kali zionjwe kwa maji. Mimina mililita 10, nusa, kisha ongeza maji kiasi hicho hicho. Kileo cha asilimia 40 kikishuka hadi karibu 20, moto wake hupungua na harufu zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza. Hivyo ndivyo wachanganyaji wa whisky wanavyofanya kazi. Konyagi ya Tanzania ina asilimia 35 na Uganda Waragi 40, kwa hiyo ukizilinganisha bila kusawazisha maji utakuwa umelinganisha nguvu, si ladha.

Wengine watauona utaratibu huu wote kuwa wa kigeni. Hapa Kajiado ulikuwepo mwingine kabla ya baa ya kwanza. Pombe ya asali ya Wamaasai huchachushwa kwa mizizi ya osuguroi, mshubiri unaoupa utamu wa asali uchungu wa kuusawazisha. Wakikuyu huchachusha yao kwa tunda la muratina, na Wachaga hutia gome chungu la msesewe kwenye pombe yao ya mbege. Hopsi kwenye bia ya kiwandani zina kazi kama ya uchungu huo, ya kuuzuia utamu usichoshe. Tena pombe ile ya asali ilikuwa ya wazee na ya sherehe, ikawa na wakati wake na maneno yake ya baraka. Kunywa kidogo, kwa mpangilio, huku watu wakizungumza, si jambo lililoletwa na meli. Mkialikwa kwenye sherehe inayoiandaa, ionjeni kwa heshima na mwandike mlichokipata kwa kipimo kile kile.

Limebaki pingamizi lililo zito kuliko yote: kwamba katika nchi ambayo pombe imeharibu nyumba nyingi, kuwafundisha watu kuifurahia ni kuongeza mafuta kwenye moto. Pingamizi hili halistahili kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kilicho salama kabisa kwa afya, na mwongozo huu haudai vinginevyo. Unachodai ni kwamba mwonjaji hunywa kidogo kuliko mnywaji. Chupa moja ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Kuonja mivinyo minne kwa mililita 40 kila mmoja, kwa asilimia 13, ni karibu mililita 21. Kuonja pombe kali nne kwa mililita 10 ni 16. Jioni nzima ya kuonja, basi, haipiti bia moja kubwa, na anayetema kwenye bakuli, kama wafanyavyo wenye kazi hiyo, hapati hata robo. Anayetaka kunywa zaidi baada ya hapo amekwisha kuacha kuonja, na kundi limwambie hivyo. Mwenye historia ya ulevi nyumbani kwake, mjamzito, anayetumia dawa, aliye chini ya miaka 18: hawa wasishawishiwe hata kwa tone.

Kuna sumu ambayo hakuna mwonjaji anayeweza kuitambua. Methanoli hufanana mno na kileo cha kawaida kinywani, na dalili zake huchelewa kwa saa nyingi. Novemba 2000 pombe haramu iitwayo kumi kumi iliwaua zaidi ya watu 100 Nairobi, na Februari 2024 zaidi ya kumi wakafa Kirinyaga. Kwa hivyo usilete mezani pombe kali isiyo na stempu ya ushuru ya KRA, na ikague stempu yenyewe kwa programu ya Soma Label kabla ya kulipa. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, ondoka.

Kazi ya kumimina mpeni rafiki asiyekunywa. Kila kundi lina mmoja, kwa dini yake au kwa hiari yake, na ndiye anayefaa zaidi: anajua kilichomo kwenye kila glasi, hana cha kutetea, na pua yake ina haki ya kuandika kwenye karatasi kama ya mwingine yeyote. Ndiye pia atakayeshika usukani, kwa kuwa Barabara ya Namanga usiku ina malori, na kipimo cha pumzi cha alkoblo hakiulizi kama ulikuwa unaonja au unakunywa. Mwisho afichue chupa moja moja, kila mtu akiwa na karatasi yake mkononi, na majina yaandikwe kando ya maelezo bila kufuta chochote. Kinachobaki kwenye chupa kisimalizwe kwa sababu tu kipo. Mvinyo ukifungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji hukaa siku tatu, whisky miezi kadhaa, na bia iliyofunguliwa haifai kesho yake isipokuwa kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, pamoja na kitunguu na nyanya, kwa moto mdogo.